Bomba Halina Lebo

Friji la nyumbani kwetu Kimara lina maji ya aina mbili. Rafu ya juu kuna chupa za dukani za lita moja na nusu, ambazo ni za wageni na za mdogo wangu. Mlangoni kuna chupa nyingine za ukubwa uleule, za kampuni ileile, ila hizo Mama amezijaza maji ya bomba aliyoyachemsha na kuyachuja mwenyewe. Ili tusichanganye, za mlangoni huzibandua lebo. Ukishika chupa yenye picha ya mlima, irudishe, si yako. Ukishika iliyo uchi, kunywa.

Nilizoea kunywa za uchi bila kufikiri. Kisha Jumapili moja walikuja washenga kwa ajili ya dada yangu, nami nikapewa kazi ya kuwahudumia. Nikatoa chupa za mlangoni kwa sababu ndizo zilizokuwa za baridi. Mama akaniita jikoni kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, unataka waende wakaseme nini? Kwamba tumewapa maji ya bomba?"

"Mama, si yamechemshwa?"

"Wao wanajua?"

Swali hilo limekataa kunitoka. Nasoma shahada ya umahiri katika fasihi, na kazi yetu ya kila siku darasani ni kuuliza maandishi yanamjulisha nini msomaji na yanamficha nini. Maji ya Mama yalikuwa safi, lakini hayakuwa na namna ya kusema kuwa ni safi. Ya dukani yalikuwa nayo. Basi nimefanya nilichofundishwa: nimekaa na chupa mezani nikaisoma lebo yake mstari kwa mstari, kisha nikajaribu kulisoma bomba.

*

Tuanze na jina, maana ndilo lenye herufi kubwa. Katika maduka ya Dar es Salaam kuna maji yanayoitwa Uhai, kuna Afya, kuna Kilimanjaro. Sijawahi kuona yanayoitwa Kisima, wala Mtambo, wala Chujio. Majina hutaja mlima, au hutaja kile tunachotarajia kukipata tukinywa. Kazi iliyofanyika katikati haitajwi. "Maji ni uhai" ni msemo wa umma. Mimi niliukuta umeandikwa kwenye ukuta wa shule ya msingi, juu ya bomba ambalo halikutoa maji miaka yote saba niliyosoma pale. Dukani msemo umepunguzwa maneno mawili, likabaki moja, na ukiliomba unalipia. Simlaumu aliyelibuni jina hilo. Mshairi yeyote angejivunia kufupisha kiasi hicho.

Chini ya jina kuna picha. Chupa iliyo mbele yangu, ambayo sitaitaja, ina vilele vyenye theluji na tone moja la maji linaloanguka. Chini ya picha, kwa herufi ndogo, kuna maneno matatu: maji ya kunywa. Hayasemi maji ya madini. Wengi wetu tunadhani ni kitu kimoja, na kwa Mangi hakuna anayeuliza. Tunasema "nipe maji makubwa ya baridi" na tunaondoka. Lakini tofauti ipo. Kwa viwango vya kimataifa vya Codex, maji asilia ya madini sharti yatoke chini ya ardhi, kwenye chemchemi au kisima kinachojulikana, madini yake yawe ya kiwango kisichoyumba, na yafungwe karibu na yanapotoka bila kubadilishwa asili yake. Maji ya kunywa ya kawaida hayabanwi hivyo. Yanaweza kutoka kisimani, mtoni, hata kwenye bomba la mji, mradi yasafishwe mpaka yafikie kiwango.

Nyuma ya chupa yangu imeandikwa kuwa maji yamechujwa na kutiwa ozoni. Linafuata jedwali dogo la namba: pH, kalsiamu, sodiamu, floridi. Mahali yalikotoka hapatajwi. Kuna anwani ya kiwanda tu, na kiwanda kiko Dar es Salaam, mji ambao haujawahi kuona theluji.

Lebo haijasema uongo hata mara moja, na huo ndio ufundi wake. Picha inakwambia mlima, herufi ndogo zinakwambia mtambo, na jicho la mtu mwenye kiu halifiki kwenye herufi ndogo.

Waingereza waliligundua hilo mwaka 2004. Coca-Cola ilipeleka kwao maji ya Dasani, ambayo Marekani yalikuwa yakiuzwa tangu 1999. Magazeti yakaandika kuwa maji yale yalitoka kwenye bomba la mji, Sidcup, kusini-mashariki ya London, yakasafishwa upya na kuongezewa madini. Watu wakacheka. Wiki chache baadaye hakuna aliyecheka: maji yalikutwa na bromati kupita kiwango cha sheria, na kampuni ikaondoa sokoni chupa zipatazo nusu milioni. Bromati ile haikutoka bombani. Ilizaliwa kiwandani, ozoni ilipokutana na bromaidi iliyokuwamo kwenye kalsiamu iliyoongezwa. Maji ya bomba yalikuwa salama mpaka yalipofanywa kuwa bora.

Kisa cha kiwanda kimoja hakihukumu chupa zote. Chupa yenye alama ya TBS, ambayo kizibo chake kinalia unapokifungua mara ya kwanza, nainywa bila wasiwasi. Ninachokichukua kwenye kisa hicho ni kwamba usafi wa maji hauamuliwi na mahali yalipozaliwa. Unaamuliwa na kila mkono na kila chombo yanachopitia, mpaka cha mwisho.

*

Kwenye bomba mhakiki anakwama, kwa sababu hana cha kusoma. Kuna bili, ambayo siku hizi inakuja kwa ujumbe wa simu. Inanitajia uniti nilizotumia, deni la nyuma na tarehe ya mwisho ya kulipa. Kunihusu mimi inajua mengi. Kuhusu maji haisemi neno.

Basi tunalisoma bomba kwa rangi, kwa harufu na kwa uvumi. Yakija mekundu tunasema wamepasua bomba mahali. Yakinuka dawa tunasema leo wamezidisha. Yakija meupe kama maziwa, jirani anatangaza kuwa ni kemikali, kumbe ni hewa iliyobanwa ndani ya bomba maji yalipokatika. Ukiyaacha kwenye glasi dakika mbili yanang'aa.

Na bado maji haya yana hadithi, nzuri kuliko ya chupa yangu. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, na Ruvu huanzia kwenye milima ya Uluguru kule Morogoro, kwenye misitu yenye ukungu. Ni mlima wa kweli, na vijito vya kweli. Ya kwetu hutoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, ambako huchujwa na kutiwa klorini, kisha husukumwa mpaka kwenye matangi ya huku juu, yaleyale yaliyokipa kituo cha daladala jina la Matangini. Anayetaka kuchora lebo ya bomba letu hahitaji kutunga kitu. Achore Uluguru.

Hakuna aliyechora, na nadhani sababu iko kwenye historia. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991, kila mwananchi awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Ile ilikuwa lebo, tena yenye namba na yenye mwandishi anayejulikana. Mwaka 1991 ukafika, mamilioni wakawa bado wanafuata maji mbali, na sera mpya ya maji ikaanza kuzungumzia wananchi kuchangia gharama. Mjini nako mambo yalibadilika. Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ikakabidhiwa kampuni binafsi, City Water, na Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Msemaji wa bomba akawa anabadilika kila tukimzoea: leo taifa, kesho mwekezaji, keshokutwa mamlaka. Chupa iliingia katika miaka hiyohiyo ikiwa na sauti moja tulivu, kwenye kila bango la Barabara ya Morogoro.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Simama kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana uijaribu methali hiyo. Maji ya chupa yanajitembeza katikati ya magari, mikononi mwa vijana wanaokimbilia madirisha, na si mabaya. Maji ya Uluguru yanapita chini ya barabara hiyohiyo, kimya, yakingoja kujiuza.

*

Mdogo wangu aliugua wakati wa mgao wa mwaka 2022, ule wa Oktoba na Novemba, Ruvu ilipopungua kwa ukame na mji ukawa unapangiwa zamu za maji. Alikuwa kidato cha tatu. Homa ilikataa kushuka siku nne, hospitali wakasema ni homa ya matumbo, akalazwa. Mama alikaa kwenye benchi la wodi akihesabu makosa yake. Waliporudi nyumbani akatoa hukumu: mtoto huyu hatakunywa tena maji ya bomba. Ndipo friji likagawanyika.

Hukumu ile ilipita bila ushahidi na sote tuliikubali, mimi nikiwamo. Bomba lilikuwa mshitakiwa wa kwanza kwa sababu halina wa kulitetea. Hakuna aliyeihoji juisi ya miwa ya pale kituoni, wala barafu iliyokuwamo, wala kachumbari. Na hakuna aliyelihoji tangi letu.

Nilikuja kulifungua muda mrefu baadaye, siku fundi alipokuja kubadilisha boya. Ni simtanki la lita 2,000, limekaa juu ya mnara wa tofali nyuma ya nyumba, na ni mali yetu. Mamlaka ya maji haihusiki nalo. Fundi aliinua mfuniko uliokuwa umepasuka pembeni, akachungulia, akanyamaza, kisha akaniita nipande. Chini kulikuwa na tope la kina cha kidole, na mabaki ya mjusi. Klorini iliyotiwa Mlandizi ilisafiri makumi ya kilomita kuja kufia kwenye tope letu.

Siwezi kuapa kuwa mdogo wangu aliugua kwa sababu ya tangi lile. Ninachojua ni kwamba lilikuwapo, na kwamba tulitia hatiani kitu kingine bila kupanda ngazi.

Fundi yule alinieleza jambo ambalo wahandisi wa maji hulirudia kila siku. Bomba lenye maji saa zote lina msukumo, na uchafu haupati pa kuingilia. Maji yakikatika, msukumo unaisha, na penye ufa bomba linafyonza kilicho nje, iwe maji ya mtaro au ya shimo la choo. Yakirudi yanakuja nacho. Na kwa kuwa yanakatika, tunayaweka: kwenye simtanki, kwenye pipa, kwenye dumu, kwenye ndoo yenye kata inayoshikwa na kila mkono. Kwa hiyo yale tunayoyaita maji ya bomba na kuyashutumu, mara nyingi yalishaacha kuwa ya bomba. Ni maji ya tangi, maji ya dumu, maji ya mkono wa mtu.

Hapa chupa inapata sifa yake ya haki. Imefungwa kiwandani, inafunguliwa na mnywaji, na katikati hapo hapana mjusi. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani, kizibo hicho kilikuwa na thamani kubwa kwa aliyeweza kukinunua. Mtu asinitake niidharau.

*

Kuna msomaji atakayesema: basi turudi kwenye chanzo, tuyanywe maji ya mlima kabla hayajaingia kwenye mabomba na matangi ya watu. Kwa huyo nina Bibi.

Mama ni Mmeru. Bibi aliishi maisha yake yote chini ya Mlima Meru, upande wa Maji ya Chai, kando ya barabara iendayo Moshi kutoka Arusha. Nilipokuwa mdogo na kupelekwa huko likizo, nilidhani meno ya kahawia ni alama ya ukoo. Bibi alikuwa nayo, wajomba walikuwa nayo, mama wadogo walikuwa nayo. Mama anayo, ndiyo maana katika picha zake zote hafungui mdomo. Mimi yangu ni meupe kwa sababu nilizaliwa Dar es Salaam na kulelewa kwa maji ya Ruvu, haya haya tunayoyaficha wageni wakija.

Kilichoyapaka rangi meno ya Bibi ni madini. Floridi hutoka kwenye miamba ya volkeno, huyeyuka ndani ya maji ya ardhini, na hufika mdomoni bila rangi, bila harufu, bila ladha. Kwa kiasi kidogo hulinda meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi huyaharibu meno ya mtoto yangali yanajengeka ndani ya ufizi, na ikizidi sana hupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4, maana kwa kipimo cha 1.5 kuna vijiji ambavyo visingebaki na kisima cha kunywa. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua kwa mvuke na floridi inabaki palepale. Ngurdoto, jirani na kwao Bibi, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floridi, na njia yao iliyojulikana zaidi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji yanapitishwa kwenye mkaa huo, floridi inanasa kwenye mfupa wa ng'ombe, haiendi kwenye mfupa wa mtoto.

Jina la mahali penyewe linastahili kusomwa. Maji ya Chai ni mto, na jina limetokana na rangi yake. Waliolitoa ni waandishi wa lebo waaminifu kuliko wote niliokutana nao katika makala hii: walisema walichokiona. Lakini macho yao yaliishia kwenye rangi, na kilichodhuru hakikuwa na rangi.

Kwa hiyo nikiona neno "madini" likijivuna kwenye chupa ya bei, nauliza madini gani, na kiasi gani. Na hapo lazima niirudishie lebo heshima niliyoivua mwanzoni. Lile jedwali la nyuma, ambalo hakuna anayelisoma, ndilo ambalo Bibi angelihitaji ukutani pa kila bomba la kijiji chake miaka sabini iliyopita. Mstari mmoja tu, floridi na namba mbele yake. Angeweza kuusoma, alikuwa amefika darasa la nne.

*

Sasa tupige hesabu. Kwa Mangi chupa ya lita moja na nusu ni shilingi 1,000. Mwezi uliopita nyumba yetu ilitumia uniti 11, yaani lita 11,000, na bili haikufika shilingi 25,000. Kila lita 1,000 za bomba zilitugharimu chini ya shilingi 2,300. Lita hizo hizo zikinunuliwa kwa Mangi ni chupa 667, shilingi 667,000. Mdogo wangu akimaliza chupa moja kwa siku, kwa mwezi anakunywa shilingi 30,000, kuzidi bili ya nyumba nzima ya kupika, kuoga, kufua na kumwagilia mchicha wa Mama.

Na sisi ni wenye bomba. Bondeni nyuma yetu wako wanaonunua dumu la lita 20 kwa muuza maji wa mkokoteni, na mgao ukikaza dumu linafika shilingi 500. Kwa bei hiyo lita 1,000 ni shilingi 25,000, mara kumi ya tunazolipa sisi, na bado wanapaswa kuyachemsha kwa mkaa wa kununua. Kwao mjadala wa chupa na bomba ni mazungumzo ya watu wa juu ya kilima.

Mwenzangu mmoja darasani anasema mnywaji wa chupa ni adui wa Mto Msimbazi. Kuhusu mto ana haki. Mvua zikinyesha, nenda Jangwani uone kilichokwama chini ya daraja. Lakini kwao maji hayakatiki, na hajawahi kukaa kwenye benchi la wodi. Kumwambia Mama aache chupa kwa ajili ya mto, bila kumpandisha ngazi aone tangi lake, ni kumhubiria tu.

Mimi kinachonisumbua ni kingine. Kabla ya 2022 Mama alikuwa mtu wa kupiga simu. Maji yakija mekundu, anapiga mamlaka ya maji. Yakikatika siku tatu, anapiga, anaandika jina la aliyempokea, na kesho yake anapiga tena kumuuliza kwa jina hilo. Tangu friji ligawanyike sijamsikia akipiga hata mara moja. Yakija mekundu anasema, "Ya kufulia hayo." Nyumba zenye uwezo wa kununua chupa ndizo zenye salio la simu, muda, na ujasiri wa kusumbua ofisi. Zikinyamaza, watakaobaki kulisemea bomba ni wale wa bondeni, na wao hata mita hawana.

Hiyo ndiyo gharama ya chupa ambayo haimo kwenye bei ya Mangi. Na dawa yake naiona ndogo kuliko ugonjwa. Maji ya mji hupimwa. Kuyapima ni sehemu ya kazi ya kuyasambaza. Kinachokosekana ni namba hizo kufika mlangoni kwangu. Ujumbe wa bili tayari unakuja kila mwezi. Waongeze mstari: chanzo Ruvu, klorini kiasi hiki, floridi kiasi hiki, vimelea hakuna, tarehe fulani. Waubandike na ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa ajili ya wasio na mita. Siku namba zikiwa mbaya, tuambiwe tuchemshe mara mbili. Tutaanza kuliamini bomba siku litakapokuwa na ujasiri wa kutuambia kuwa leo si salama.

*

Mhakiki asiyetoa uamuzi amekula nauli ya bure, basi na mimi nitoe wangu. Kwa kunywa kila siku hapa Dar es Salaam, nachagua bomba: yachemshwe au yatiwe WaterGuard, yatoke kwenye tangi lililooshwa na lenye mfuniko mzima, yakae kwenye ndoo yenye koki, isiyoingizwa kata. Chupa naiwekea safari, siku za mlipuko wa magonjwa, na siku mbili za kwanza baada ya mgao kwa nyumba yenye mtoto mchanga. Kwao Bibi uamuzi unageuka. Kule sufuria na moto havitoshi. Kwa mtoto anayeota meno, chupa yenye namba ndogo ya floridi ni pesa iliyotumika vizuri, mpaka siku bomba la kijiji litakapokuwa na namba yake.

Jumamosi iliyopita nilipanda ngazi na mdogo wangu. Tulilimwaga tangi lote, tukalisugua kwa brashi na sabuni, tukalisuuza kwa klorini, tukafunga mfuniko mpya. Jioni Mama alichemsha, nikachuja, nikajaza chupa sita za uchi. Kabla ya kuzipanga mlangoni nilikata vipande vya karatasi, nikaandika kwa kalamu na kuvibandika kwa gundi: Maji ya Ruvu. Tangi limeoshwa leo. Yamechemshwa leo, saa kumi na mbili jioni.

Mama alichukua moja akaisogeza kwenye taa, akaisoma polepole, kama anavyosoma barua za shule.

"Umesahau kitu," akasema. "Hujaandika nani kayachemsha. Kesho yakimuumiza mtu wamuulize nani?"

Akaichukua kalamu, akaandika jina lake kwenye zote sita. Kisha akatoa mbili kutoka mlangoni na kuzipandisha rafu ya juu.